Binti mwenye dozi moja ya chanjo ya HPV: je, anahitaji nyongeza?

Msichana aliyepata dozi moja ya chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi akiwa na umri wa miaka 9 hadi 14, na ambaye hana tatizo la upungufu wa kinga mwilini, amekamilisha chanjo hiyo. Hadaiwi dozi ya pili wala hahitaji chanjo ya nyongeza. Hilo ndilo jibu fupi kwa swali ambalo limebaki vinywani mwa wazazi wengi tangu Aprili 2024, Tanzania ilipoacha utaratibu wa dozi mbili na kuanza kutoa dozi moja.

Jibu refu linahitaji maelezo, kwa kuwa ndani ya nyumba moja mzazi anaweza kukuta kadi tatu zinazoonekana kupingana. Binti mkubwa, aliyetimiza miaka 14 mwaka 2019, ana dozi mbili. Wa kati alichanjwa mara moja mwaka 2021, akahitimu darasa la saba na kuondoka shuleni kabla ya kufikiwa na dozi ya pili. Mdogo amechanjwa mara moja mwaka 2024 na ameambiwa kwamba yatosha. Mama akizipanga kadi hizo mezani, wa kwanza na wa mwisho hawampi shida. Kila mmoja alipata alichoambiwa atapata. Shaka yote inamwangukia wa kati, ambaye kwenye kadi yake kuna nafasi ya pili iliyobaki wazi. Tangazo la utaratibu mpya kwa kawaida humweleza anayeanza. Aliyekuwa katikati ya njia huachwa ajiulize mwenyewe.

Ukweli ni kwamba mabinti wote watatu wamekamilisha. Kadi hazitofautiani kwa sababu mmoja alikosewa na mwingine akatendewa haki. Zinatofautiana kwa sababu kila moja iliandikwa kwa kufuata ujuzi wa kisayansi wa wakati wake, na ujuzi huo umebadilika mara mbili katika muda usiozidi miaka 10.

Kutoka dozi tatu hadi moja

Chanjo ya kwanza dhidi ya virusi vya papiloma vya binadamu, vinavyofahamika kwa kifupi kama HPV, iliidhinishwa kutumika mwaka 2006. Wakati huo ilitolewa kwa dozi tatu ndani ya miezi sita. Rwanda ilipoanza kuwachanja wasichana wake nchi nzima mwaka 2011, ikiwa ya kwanza barani Afrika, ilitumia dozi tatu. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipunguza idadi hiyo hadi mbili kwa wasichana walio chini ya miaka 15, baada ya kuonekana kwamba miili yao hutengeneza kinga kali kuliko ya wanawake wa umri mkubwa. Tanzania, ambayo ilianza na majaribio mkoani Kilimanjaro mwaka huohuo wa 2014, ilizindua chanjo hiyo kitaifa Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili zikipishana kwa miezi sita. Kenya ilifuata Oktoba 2019, nayo kwa dozi mbili, ikianza na wasichana wa miaka 10.

Aprili 2022 kamati ya wataalamu inayoishauri WHO kuhusu chanjo ilifikia hitimisho kwamba dozi moja hutoa kinga thabiti inayokaribia sana ile ya dozi mbili. Desemba mwaka huo WHO ilitoa msimamo wake rasmi. Kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, nchi inaweza kutumia dozi moja au mbili. Kwa walio na miaka 15 hadi 20, vilevile moja au mbili. Kwa wanawake wenye zaidi ya miaka 21, dozi mbili zinazopishana kwa miezi sita.

Sehemu ya ushahidi ulioibadili dunia katika jambo hili ilitoka Mwanza. Kati ya mwaka 2017 na 2018, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), kituo cha utafiti wa tiba cha Mwanza na chuo cha afya ya jamii na magonjwa ya kitropiki cha London waliwaandikisha wasichana 930 wenye umri wa miaka 9 hadi 14. Wasichana hao waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapata dozi moja, wengine mbili, wengine tatu. Baada ya miaka miwili damu yao ilipimwa. Karibu wote waliopata dozi moja walikuwa bado na kingamwili dhidi ya aina ya 16 na ya 18 za virusi hivyo, ambazo kwa pamoja husababisha takribani asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi. Kiwango cha kingamwili zao kilikuwa chini kuliko cha waliopata dozi mbili au tatu, lakini kilitulia, hakikuendelea kuporomoka.

Swali lililobaki lilikuwa kama kiwango hicho cha chini kinatosha kuzuia maambukizi. Jibu lilitoka nchi jirani. Nchini Kenya, wasichana na wanawake 2,275 wenye umri wa miaka 15 hadi 20 walishiriki utafiti uliofanyika Nairobi, Thika na Kisumu. Baada ya miezi 18, dozi moja ilikuwa imezuia asilimia 97.5 ya maambukizi ya kudumu ya aina ya 16 na 18, ikilinganishwa na kundi ambalo halikupewa chanjo hiyo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2022.

India nayo ilichangia, tena bila kukusudia. Mwaka 2009 ulianza utafiti mkubwa uliolenga kulinganisha dozi mbili na tatu kwa wasichana wa miaka 10 hadi 18. Aprili 2010 serikali ya nchi hiyo ilisimamisha uchanjaji katika tafiti zote za HPV kwa sababu zisizohusiana na utafiti huo. Maelfu ya wasichana wakabaki na dozi moja tu, nusu ya safari kama ilivyodhaniwa wakati ule. Watafiti hawakuwatupa, waliendelea kuwafuatilia. Miaka 10 baadaye ilibainika kwamba kinga ya wale wa dozi moja dhidi ya maambukizi ya kudumu ya aina ya 16 na 18 ilikuwa asilimia 95.4, karibu sawa kabisa na ya waliokamilisha mbili au tatu. Wasichana waliohesabiwa kuwa na chanjo pungufu ndio walioionyesha dunia kwamba haikuwa pungufu.

Kwa mzazi wa yule binti wa kati, hadithi ya India ina uzito kuliko takwimu nyingine yoyote. Hali ya binti yake ni ileile: alianza kwa mpango wa dozi mbili, akakatikia njiani, na ile moja aliyoipata inahesabika.

Kwa nini walioachwa njiani ni wengi

Kundi hili si dogo. Utaratibu wa 2018 ulimlenga msichana wa miaka 14, umri ambao wengi wako mwishoni mwa elimu ya msingi, na chanjo ilitolewa zaidi shuleni. Miezi sita baadaye, muda wa dozi ya pili ulipowadia, wapo waliokuwa wamehitimu, waliohamia kidato cha kwanza katika wilaya nyingine, walioolewa, na waliokwenda mjini kutafuta kazi za ndani. Waliopata dozi ya pili wakawa wachache kuliko waliopata ya kwanza, na hali hiyo ilijitokeza pia katika nchi nyingine zilizotumia ratiba ya namna hiyo. Kuhamia dozi moja kulizingatia jambo hilo pia. Dozi moja inayomfikia msichana ni bora kuliko mbili ambazo ya pili haimfikii.

Wasichana hao leo ni vijana wa miaka 17 na kuendelea. Baadhi yao wameshakuwa mama. Wakisikia kwamba wadogo zao wanachanjwa, huuliza kama nao warudi kumalizia. Hawana haja ya kurudi. Dozi waliyoipata wakiwa na miaka 14 ilitolewa katika umri unaotambuliwa, na chini ya utaratibu wa dozi moja imekamilika tangu siku ile.

Upande wa pili wa jambo hili unawahusu wale wasiokuwa na dozi yoyote. Kampeni ya Aprili 2024, iliyoendeshwa katika Wiki ya Chanjo Afrika, ilipanua wigo kutoka umri wa miaka 14 pekee hadi miaka 9 hadi 14. Kampeni ya namna hiyo hukusanya rika kadhaa kwa mara moja ili kuziba pengo. Baada yake kazi ya kila mwaka hubaki kuwafikia wasichana wanaoingia katika umri wa kuanzia chanjo, yaani miaka 9. Msichana aliye ndani ya umri wa miaka 9 hadi 14 ambaye hakuwapo shuleni siku hiyo, aliyekuwa mgonjwa, au asiyesoma kabisa, ndiye mwenye sababu ya kupelekwa zahanati au kituo cha afya. Chanjo katika mpango wa taifa hutolewa bila malipo.

Kinachohesabika ni umri. Darasa halihesabiki. Jambo hili linasisitizwa kwa sababu shule hutumika kama mahali pa kuwapata wasichana, na hivyo wazazi huamini kwamba chanjo ni ya darasa fulani. Msichana wa miaka 13 aliyeko darasa la nne anastahili. Msichana wa miaka 16 aliyeko darasa la saba ameshapita umri wa mpango huo, hata kama anakaa dawati moja na wanaochanjwa.

Kwa huyo wa miaka 16 ambaye hakuwahi kuchanjwa, mlango haujafungwa kitabibu. Msimamo wa WHO unaruhusu chanjo hadi umri huo na zaidi. Ila yuko nje ya kundi ambalo mpango wa taifa umelipa kipaumbele, na mzazi anayetaka achanjwe anapaswa kuuliza katika kituo cha afya kuhusu upatikanaji na gharama. Sababu ya kuwatanguliza wadogo ni ya kibaiolojia: chanjo hii huzuia maambukizi, haiponyi yaliyokwisha kuingia. Hufanya kazi yake vizuri zaidi ikitolewa kabla msichana hajakutana na virusi, ambavyo huenezwa hasa kwa njia ya kujamiiana. Kumchanja binti wa miaka 9 hakumaanishi kwamba yeyote anadhani ameanza mahusiano. Kunamaanisha kwamba hajaanza.

Wavulana hawamo katika mpango wa sasa. Wao pia huambukizwa na kuambukiza, lakini WHO inashauri nchi zianze na wasichana, kwa kuwa ndio wanaobeba mzigo wa saratani hii, na kiwango kikubwa cha uchanjaji kwa wasichana hupunguza mzunguko wa virusi kwa jamii nzima.

Mazoea ya chanjo nyingine

Sehemu kubwa ya mkanganyiko haitokani na chanjo ya HPV yenyewe, bali na yale ambayo wananchi wamejifunza, kwa haki kabisa, kutokana na chanjo nyingine.

Ya karibuni zaidi ni chanjo ya UVIKO-19. Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua uchanjaji huo Julai 28, 2021 kwa kuchanjwa yeye mwenyewe, chanjo iliyotumika ilikuwa ya Janssen, na ilielezwa kuwa ni ya dozi moja. Ndivyo ilivyokuwa. Lakini kabla mwaka haujaisha, WHO ilieleza kwamba dozi ya pili ya chanjo hiyohiyo huongeza kinga, na habari za dozi za nyongeza zikaenea duniani kote. Aliyeshuhudia dozi moja ikigeuka kuwa mbili ana sababu ya kuuliza kama ya HPV nayo haitageuka.

Tofauti iko katika virusi vyenyewe na namna chanjo zilivyotengenezwa. Virusi vya UVIKO-19 hubadilika haraka, na kingamwili dhidi yake hushuka ndani ya miezi. Virusi vya HPV hubadilika polepole mno. Chanjo yake imetengenezwa kwa chembe tupu zenye umbo la kirusi lakini zisizo na kiini chake cha kuzaliana, na umbo hilo, lenye vipande vilevile vilivyojipanga kwa safu, huuamsha mwili kwa nguvu isiyo ya kawaida. Kingamwili hupanda, hushuka kidogo, kisha hutulia kwenye kiwango fulani kwa miaka mingi. Ndiyo maana ufuatiliaji wa zaidi ya miaka 10, nchini India na Costa Rica, haukukuta kinga ya dozi moja ikififia. Hadi sasa WHO haijapendekeza dozi ya nyongeza ya HPV kwa msichana mwenye afya njema aliyekamilisha ratiba ya nchi yake.

Hata kwa UVIKO-19, vijana balehe hawakuwa kwenye mstari wa mbele wa nyongeza. Uchanjaji nchini ulilenga watu wa miaka 18 na kuendelea. Nchi nyingine zilichukua njia tofauti: Marekani iliruhusu nyongeza kwa vijana wa miaka 16 na 17 Desemba 2021, na kwa wa miaka 12 hadi 15 Januari 2022. Mwezi huohuo wa Januari, Mwanasayansi Mkuu wa WHO wa wakati huo, Soumya Swaminathan, alieleza kwamba hakukuwa na ushahidi kuwa watoto na vijana wenye afya njema walihitaji nyongeza. Machi 2023 wataalamu wa WHO waliwaweka watoto na vijana wenye afya njema katika kundi la kipaumbele cha chini. Mzazi mwenye ndugu ughaibuni, aliyesikia kwamba binamu wa mwanawe amepata sindano ya tatu akiwa na miaka 15, hakudanganywa. Alisikia uamuzi wa nchi nyingine.

Pepopunda ni mfano wa upande wa pili, kwa kuwa hapo nyongeza ni lazima. Kinga yake hupungua kwa miaka. Mtoto hupata dozi tatu za mwanzo ndani ya chanjo ya pentavalenti akiwa na wiki 6, 10 na 14, na WHO inapendekeza nyongeza tatu zaidi: katika mwaka wa pili wa maisha, kati ya miaka 4 na 7, na kati ya miaka 9 na 15. Mjamzito naye hupewa chanjo ya pepopunda kliniki kwa kuhesabu dozi alizokwisha kupata. Kwa hiyo msichana wa miaka 17 aliye mjamzito anaweza kuambiwa kliniki kwamba anahitaji sindano nyingine, na familia ikadhani ni ile ya HPV iliyobaki. Sivyo. HPV haitolewi kwa makusudi wakati wa ujauzito. Kama hajaipata, husubiri hadi ajifungue. Jina la chanjo kwenye kadi ndilo la kutazama, si idadi ya sindano.

Kuna pia mazoea ya kampeni. Katika kampeni za polio, kama zile za mwaka 2022 zilizofuata mgonjwa aliyegunduliwa nchini Malawi, matone hutolewa kwa kila mtoto wa umri unaolengwa, awe ameshachanjwa au la. Wazazi wameizoea kauli hiyo, na ni sahihi kwa polio. Kwa HPV kampeni huwatafuta ambao hawajachanjwa. Mwalimu anayeandaa orodha ya wasichana wa kuchanjwa anafanya vema kuuliza mapema nani amekwisha kupata, ili asiyehitaji asipange foleni.

Akichanjwa tena kwa bahati mbaya, je? Hakuna madhara ya pekee yanayojulikana kutokana na dozi ya ziada. Mamilioni ya wasichana duniani walipata mbili au tatu wakati huo ndio ulikuwa utaratibu. Hasara ni nyingine. Dozi hiyo ilikuwa ya msichana ambaye hana hata moja. Uhaba wa chanjo ya HPV duniani uliwahi kuzichelewesha nchi kadhaa kuanza, na si busara kuitumia mara mbili kwa mmoja na kumkosa mwingine.

Wanaohitaji zaidi ya dozi moja

Wapo ambao jibu la dozi moja haliwahusu, na hapa ndipo kosa linaweza kugharimu maisha. Ni wasichana wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na wengine ambao kinga yao imedhoofishwa na ugonjwa au dawa. Kwao WHO inapendekeza angalau dozi mbili, na tatu pale inapowezekana.

Sababu ni nzito. Mwanamke anayeishi na virusi vya Ukimwi yuko katika hatari mara sita zaidi ya kupata saratani ya mlango wa kizazi kuliko asiye navyo. Kwa mwenye kinga ya kawaida, safari kutoka maambukizi hadi saratani huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga dhaifu isiyotibiwa inaweza kuchukua miaka 5 hadi 10. Tafiti zilizothibitisha dozi moja zilifanywa kwa wasichana wenye kinga ya kawaida, hivyo matokeo yake hayawezi kuhamishiwa kwa kundi hili bila ushahidi wake lenyewe.

Ugumu ni kwamba msichana huyu huchanjwa shuleni pamoja na wenzake, kwa dozi moja, na hali yake ya afya haiulizwi hadharani wala haipaswi kuulizwa. Hakuna sharti la kupima virusi vya Ukimwi kabla ya kuchanjwa, na ni vema lisiwepo, kwa kuwa lingewafukuza wengi. Mahali pa kulizungumza ni kliniki ya tiba na matunzo anakochukulia dawa. Mzazi au mlezi anayempeleka huko aende na kadi ya chanjo na amweleze mhudumu kwamba binti amepata dozi moja shuleni. Mengine yatapangwa hapo kwa siri. Mlezi ambaye hajamweleza binti hali yake bado anaweza kufanya hivyo bila kulifungua jambo hilo siku hiyo.

Kwa upande mwingine, neno "nyongeza" lisitumike ovyo shuleni kwa ajili ya kundi hili. Msichana mmoja akiitwa peke yake kwenda kupata dozi ya ziada, darasa zima litataka kujua sababu.

Kinachobaki baada ya chanjo

Kwa makadirio ya kimataifa, zaidi ya wanawake 10,000 hugundulika na saratani ya mlango wa kizazi nchini kila mwaka, na zaidi ya 6,000 hufariki dunia. Wengi wao walikuwa watu wazima chanjo hii ilipoanza, na haikuwahusu. Kwa walioipata, chanjo huzuia aina hatari zaidi za virusi, lakini si zote. Hivyo aliyechanjwa akiwa na miaka 9 bado atahitaji uchunguzi wa mlango wa kizazi akiwa mtu mzima. WHO inapendekeza uchunguzi uanze katika umri wa miaka 30, na miaka 25 kwa wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Mama anayempeleka binti yake kuchanjwa anaweza kuuliza siku hiyohiyo kuhusu uchunguzi wake mwenyewe.

Siku ya chanjo, msichana hukaa kama dakika 15 baada ya sindano, kwa kuwa vijana wa umri huo huweza kuzimia kwa hofu ya sindano yenyewe. Maumivu ya mkono, homa ndogo au kichwa kuuma huweza kutokea na kwisha ndani ya siku chache. Aliyewahi kupata mzio mkali baada ya chanjo amweleze mhudumu kabla.

Uvumi kwamba chanjo hii huharibu uzazi hauna msingi. Chembe zilizomo haziwezi kuzaliana wala kugusa mfumo wa uzazi, na ugonjwa unaozuiwa ndio unaoondoa vizazi vya wanawake kwa upasuaji na mionzi. Uvumi huo ulipata sura mpya utaratibu ulipobadilika. Wapo waliosema dozi ya pili iliondolewa kwa sababu imegundulika kuwa na sumu, na wapo waliosema kinyume, kwamba dozi moja ni chanjo iliyopunguzwa nguvu kwa sababu ya gharama. Chanjo haikupunguzwa nguvu. Ujazo wa dozi moja ni uleule uliotolewa kwa kila dozi katika ratiba ya mbili.

Kadi ikipotea, mzazi aanzie shuleni au katika kituo kilichotoa chanjo, ambako rejesta zinaweza kuonyesha jina na tarehe. Rekodi isipopatikana na msichana bado yuko ndani ya umri wa miaka 9 hadi 14, huhesabiwa kama hajachanjwa na hupewa dozi. Msichana aliyehamia kutoka nchi nyingine aje na kadi ya huko. Dozi moja iliyoandikwa humo, yenye tarehe inayoonyesha alichanjwa akiwa na miaka 9 au zaidi, inahesabika hapa pia. Mhudumu akishaithibitisha, aandike kwenye kadi ya sasa kwamba chanjo imekamilika, ili nafasi iliyobaki wazi isije ikazua swali lilelile kwa mhudumu mwingine miaka mitano ijayo.